Siku Ghala la Heru Juu Lilipojaa

Watu wakisikia nimefanya kazi ya ushauri wa uchumi, wanadhani nilikuwa nakalia viti vya kuzunguka nikinywa chai ya maziwa na mawaziri. Thubutu! Katikati ya miaka ya tisini mimi nilikuwa nakaa kiti cha nyuma cha Land Rover, nimebanwa na madumu mawili ya dizeli, kiangazi nakula vumbi jekundu la kutoka Kibondo mpaka Kasulu, masika nasukuma gari kwenye tope. Digrii yangu ya uchumi niliipata kwa jasho, lakini kazi niliyopewa ilikuwa kugeuza maneno ya mzungu yawe Kiswahili, na Kiswahili kikikwama, yawe Kiha. Nilikuwa na hasira mwaka mzima. Hasira zangu zinajulikana, hata mume wangu alinioa akiwa ameshaonywa.

Huyo mzungu, ambaye nitamwita mtaalamu kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita, hakuwa mtu mbaya. Niseme hivyo mapema, maana najua mnasubiri nimchambue. Alikuwa mpole, hana makuu, anakula ugali wa muhogo kwa dagaa bila kukunja uso, na gari likikwama anakunja suruali anashuka. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshauri nchi za Ulaya ya Mashariki zilizokuwa zinauacha ujamaa. Huko alikagua viwanda, akasema kipi kiendelee na kipi kifungwe. Akaletwa Tanzania afanye kazi ileile kwenye ushirika wa kahawa.

Serikali ilikuwa imeshakubali watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa kwa wakulima. Lililobaki lilikuwa kuamua vyama gani vya msingi viachwe vishindane na hao wanunuzi, na vipi vifutwe. Ofisini tulisema vyama vilivyo hai na vyama vilivyokufa, kama vile tunazungumzia kuku. Mtaalamu ndiye aliyekuwa wa kusema yupi mzima na yupi maiti. Kimoja kati ya vyama hivyo kilikuwa cha Heru Juu, kwetu, nilikozaliwa, na mtunza ghala wake alikuwa baba yangu mzazi.

Sikumficha mtaalamu. Siku ya kwanza kabisa, tukiwa bado Dar es Salaam, nilimwambia kwamba kwenye orodha yake kuna ghala ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa baba yangu. Akafurahi. "Vizuri sana," akasema. "Utanisaidia kuelewa mambo." Nikaona huyu mtu mwungwana, nikajiambia labda safari hii kitu kitaenda sawa.

Nieleze ghala hilo lilikuwa nini kwetu, msije mkadhani nalilia matofali. Zamani, kabla chama hakijaanza, watu wa Heru Juu walikuwa wanabeba kahawa kichwani mpaka Kasulu mjini kwa mnunuzi. Mizani ya mnunuzi, karani wa mnunuzi, na anayesoma ni huyohuyo. Ukibisha, beba mzigo wako urudi nao mlimani. Chama kilipoanzishwa, wanakijiji walifyatua matofali wenyewe, wakabeba mawe kutoka bondeni, wakaezeka bati. Baba alikuwa kijana, alipanda juu ya paa kugongelea misumari. Tangu hapo mizani ikawa yetu na anayeisoma akawa jirani yako, ambaye akikupunja utakutana naye kanisani Jumapili. Kahawa iliyopita kwenye mizani hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi tangu sekondari.

Nisipake mtu mafuta, lakini. Ushirika ulikuwa na madudu yake. Chama kikuu huko juu, kilichokuwa kinapokea kahawa ya vyama vyote vya msingi, kilikuwa kinachelewesha malipo mpaka watu wanatukana hadharani, na kulikuwa na wakubwa waliojenga nyumba ambazo mshahara wao haujengi. Ila hayo yalifanyika mbali na Heru Juu. Kwetu palikuwa na ghala, mizani, na baba. Chama kikifutwa, ghala linapangishwa kwa mnunuzi, na mkulima anabaki amesimama peke yake mbele ya mtu mwenye lori, kama babu yake. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima baba usingizi, na mimi pia.

Tulianzia Kibondo. Mvua za mwanzo zilikuwa zimenyesha, watu wako mashambani wanapalilia maharage. Kijijini Murungu tulimkuta mwenyekiti wa chama na jembe begani. Akatufungulia ghala bila maneno mengi. Lilikuwa tupu, limefagiwa, mjusi mmoja ukutani. Mtaalamu akauliza kahawa iko wapi. "Imekwenda," mwenyekiti akasema. "Msimu uliisha, tukapakia yote, ikaenda. Tunasubiri msimu mwingine." Mtaalamu akapiga picha sakafu tupu, akampa mkono, akatabasamu mpaka mwenyekiti akaangalia nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayetabasamiwa.

Njiani kuelekea Kasulu nikamuuliza kilichomfurahisha. Akageuka kitini akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Huko alikotoka, akasema, alikuta viwanda vina maghala yamejaa viatu mpaka darini, viatu visivyo na mnunuzi, na kila mwaka kiwanda kinatengeneza vingine kwa sababu mpango umesema hivyo. Wakubwa wa kiwanda walikuwa wanamwonyesha maghala hayo kwa fahari. Basi yeye alishajifunza, vitabu vya mahesabu vinaweza kupikwa, lakini ghala halipikiki. Ghala tupu baada ya msimu maana yake watu wameuza. Ghala lililojaa wakati si wa msimu maana yake kuna mgonjwa mahututi.

Jamani, furaha niliyoipata! Nilijua ghala la baba likoje miezi ile. Nilikulia pale. Msimu ukiisha na lori la mwisho likiondoka, baba alikuwa analifagia, anapuliza dawa ya wadudu, na sisi watoto tulikuwa tunaingia kuimba na kupiga kelele mle ndani kwa sababu sauti zetu zinarudi. Nikaegemea dumu la dizeli nikaanza kuimba kimoyomoyo. Dereva, mtu mzima wa Tabora asiyependa kuchangamka, akaniangalia kwenye kioo akauliza, "Vipi dada, leo umeota nini?" Nikamwambia kesho atakula kuku wa kwetu.

Asubuhi tulipopanda Heru Juu nilishtuka kidogo, lakini kwa furaha bado. Njia ilikuwa imefagiwa. Migomba ilikuwa imekatwa ikasimamishwa pande mbili kama wakati wa sherehe. Akina mama wamevaa khanga za kanisani, wanapiga vigelegele, wazee wamevaa makoti. Mwenyekiti wa chama, rafiki wa baba tangu utotoni, alikuwa amevaa tai. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, kanyoa ndevu, kashika ufunguo kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka bila kuniangalia sana, maana macho yake yalikuwa kwa mgeni.

Akafungua. Milango yote miwili, akaisukuma mpaka ukutani, akakaa pembeni ili mgeni aone vizuri.

Ghala lilikuwa limejaa. Magunia ya katani, safu juu ya safu, kutoka mlangoni hadi kwenye mbao za paa, mpaka nafasi ya kupita mtu ilikuwa nyembamba kama kichochoro. Harufu ya kahawa ya maganda ikatupiga usoni. Umati nyuma yetu ukapiga makofi. Mimi nikaona vile viatu vya Ulaya mpaka darini, haki ya Mungu sitanii.

Mtaalamu hakusema kitu kwa muda. Akalisogelea gunia la mbele, akaomba lifunguliwe. Baba akatoa mfukoni shazia yake ya kushonea magunia, akafumua uzi, akachota kahawa kwa viganja akammiminia mgeni mkononi. Kahawa safi, imekauka vizuri. Mtaalamu akaniambia, "Muulize, mzigo huu uko hapa tangu lini?"

Nikauliza. Nilimtumbulia baba macho, nikakunja uso, nilifanya kila kitu isipokuwa kumkanyaga mguu. Baba akanyoosha mgongo. "Mwambie mgeni," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "ghala la Heru Juu halijawahi kukauka. Aje masika, aje kiangazi, atalikuta hivi hivi." Watu wakashangilia tena. Mwenyekiti akaongeza kwamba wakulima wa huku ni hodari na hata mwakani ghala litakuwa hivyo. Nikatafsiri. Ningefanyaje? Dereva wetu alikuwa anajua Kiingereza, na mtaalamu mwenyewe alikuwa ameshaanza kuokota Kiswahili.

Tukapelekwa kwenye chakula. Kuku, ndizi, maharage ya nazi ambayo walimtafuta mama mmoja mwenye ndugu pwani ayapike kwa ajili ya mgeni, na pombe ya ndizi kwenye vibuyu. Mtaalamu akala kidogo, akashukuru, akachukua karatasi zake akakaa kwenye benchi akawa anaandika. Nikamvuta baba mkono mpaka nyuma ya ghala kama mtoto mwizi.

"Baba, kahawa hii imetoka wapi? Msimu si uliisha?"

Akacheka. Alicheka kwa raha, akafuta jasho shingoni. "Tumewaweza, eeh? Ulidhani tutawaacha muone sakafu?"

Ndipo akanisimulia. Kutoka wilayani ujumbe ulikuwa umefika kwamba watakuja wataalamu kuangalia kama chama kina uhai. Wazee wakakaa. Wakasema, mgeni mkubwa kutoka Ulaya aje akute ghala tupu? Aibu hiyo nani ataibeba? Kwetu, lazima niwaeleze wasiotujua, kila nyumba ina kigega, lile ghala dogo la mafito la kuwekea nafaka. Ikija posa, au ugeni wowote wa maana, na kigega chako kimepungua, majirani wanakuletea cha kwao usiku wa jana yake, wanakijaza, unaacha mlango wazi kidogo mgeni akipita aone. Mgeni akiondoka kila mtu anachukua mzigo wake. Hakuna anayeita huo uongo. Ni adabu kama adabu ya kunawa mikono. Mgeni anaheshimiwa kwa kuonyeshwa kwamba hajaja kuongeza njaa, na nyumba yenye kigega kilichojaa ni nyumba iliyo hai.

Basi walifanya hivyo kwa ghala zima. Kijiji kizima kilibeba. Kila aliyekuwa na gunia la kahawa alilolibakiza nyumbani alilileta. Yakapungua, wakaomba vijiji vya jirani. Yakapungua tena, wakajaza magunia ya nyuma mahindi, maharage, mengine pumba za kahawa tu zilizokuwa zimetupwa. Mama yangu alibeba magunia na mgongo wake ule mbovu. "Tumemaliza alfajiri hii," baba akasema. "Hata mbavu zinaniuma. Lakini umeona alivyonyamaza? Kashindwa hata kusema."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kuhusu viatu vya huko Ulaya, kuhusu ghala la Murungu lililokuwa tupu na mgeni akatabasamu. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Tupu?" akauliza. "Alitaka kuona tupu?"

"Ndiyo, baba."

"Mgeni anakuja kwako anatafuta tupu?"

Akakaa chini kwenye majani, na koti lake lile la Krismasi.

Kuna jamaa zangu mpaka leo wanasema ningenyamaza. Hivi hawa watu wanafikiri kwa kutumia nini? Ghala lilikuwa limeshajaa mbele ya macho ya mtu, ningenyamaza ili iweje? Nilitoka pale mbio mpaka kwenye benchi la mtaalamu nikamweleza yote, kigega, posa, majirani, vyote. Nilisema kwa Kiingereza changu chote. Nikamwambia chama hiki kiliuza kila kitu msimu uliopita, ghala lake la kweli ni kama la Murungu, tupu na limefagiwa, kilichoko mle ndani ni heshima yako wewe.

Alinisikiliza kwa makini. Hakunicheka. Akaomba turudi ghalani, tukaondoa magunia ya mbele, tukafungua ya nyuma. Mahindi. Maharage. Pumba. Watu walikuwa wamesimama nje, vigelegele vimeisha. Mwenyekiti alikuwa amelegeza tai, anaangalia viatu vyake.

Mtaalamu akanitoa pembeni. Nakumbuka maneno yake kwa sababu niliyarudia kichwani miaka. Akasema asubuhi alikuwa na chama kisichoweza kuuza. Sasa ana chama ambacho viongozi wake hujaza magunia pumba ili kumwonyesha mkaguzi. Nikamwambia yeye si mkaguzi, ni mgeni. Akasema, "Kwa kazi hii mimi si mgeni." Kisha akauliza swali ambalo mimi, na uchumi wangu wote, sikuwa nimejiuliza. Ile kahawa nzuri ya mbele, ya kweli, ni ya nani?

Ya wanachama, nikasema.

"Ilikuwa majumbani mwao?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hawakukiuzia chama chao msimu uliopita?"

Weee! Jibu nilikuwa nalijua na yeye alikuwa analijua. Walikuwa wamechoshwa na malipo ya kuchelewa ya chama kikuu, kila mmoja akaficha kidogo chini ya kitanda akisubiri huyo mnunuzi binafsi anayesemwa redioni. Mikono ileile iliyojenga ghala ndiyo iliyolinyima kahawa, na kwa heshima zao wakaenda kuitoa mafichoni wakaipanga mstari wa mbele, mgeni aione vizuri. Wasingelijaza ghala, wala asingejua.

Nikajaribu tena. Nikamwambia chama kikuu kikilipa kwa wakati, watu watarudi, hawa ni watu wa chama tangu enzi. Aliweka mkono begani kwangu. Akasema anaelewa kwamba ni vigumu kwangu kwa sababu mtunza ghala ni baba yangu. Basi. Hapo nikajua hata nikisema nini, neno langu limeshawekwa kwenye gunia lake likashonwa. Nilichokisema kwa uaminifu Dar es Salaam ndicho kilichonifunga mdomo Heru Juu.

Tulipokuwa tunaondoka, watu walikuwa wanachukua magunia yao. Hakuna aliyepunga mkono. Mama alisogea dirishani akanipa kuku wa kubanikwa kwenye jani la mgomba nile njiani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tumekosea wapi?" Nikamwambia hamjakosea, mama. Nilikuwa nasema kweli na haikusaidia kitu.

Dar es Salaam nilipigana. Niliandika maoni yangu, nikayapeleka kwa bosi wangu, Mtanzania mwenzangu, mtu wa kanda nyingine mwenye tabasamu la benki. Akayasoma nikiwa nimesimama. Akasema yana hisia nyingi. Nikamwambia nashukuru, nina nyingine zaidi kama anazitaka. Nikaambiwa niende nyumbani nikapumzike. Ripoti ilipotoka, Murungu kiliwekwa kwenye vyama hai, na Heru Juu kikawekwa kwenye vile vya kufutwa. Cha kusikitisha zaidi, na nacheka vibaya nikikumbuka, ni kwamba Murungu nacho hakikufika mbali. Chama kikuu kilipoanguka kilianguka na wote, wazima na maiti.

Baba alirudisha ufunguo mbele ya afisa kutoka wilayani. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kulifagia ghala kwanza, afisa akamwambia hakuna haja, mpangaji atafagia mwenyewe.

Mpangaji alikuwa mnunuzi binafsi, mfanyabiashara kutoka mikoa ya kaskazini, ana lori jipya na vijana wenye fulana zinazofanana. Msimu wa kwanza alilipa taslimu, papo kwa papo, bei ambayo chama hakijawahi kuiota. Sitamnyima haki yake. Watu walinunua baiskeli na redio, wakaezeka bati. Nilipokwenda likizo, vijana wa kijijini walinitania: "Dada mchumi, kumbe mlikuwa mnatuchelewesha!" Hata baba aliuza. Alisimama kwenye foleni kwenye mlango aliokuwa anaufungua yeye, akapimiwa, akapokea fedha zake, akaniambia kwamba mizani ya yule bwana inasoma chini kidogo, lakini kwa bei ile utamgombeza nani.

Msimu uliofuata mizani ilisoma chini zaidi na bei ikapungua. Hapakuwa na mwingine wa kumuuzia. Msimu wa baada ya hapo lori halikuja. Watu walikausha kahawa, wakashona magunia, wakakaa kusikiliza barabara. Wengine walisema vita vya Burundi vimefanya njia isiwe salama. Wengine walisema bei ya dunia imeanguka. Ghala lilikuwa limefungwa kwa kufuli ya yule bwana, ambaye hayupo, na hakuna aliyethubutu kuivunja. Kahawa ikabaki vyumbani, chini ya vitanda, juu ya dari, mvua zikaja, ikaota ukungu. Kuna waliobeba kichwani mpaka Kasulu mjini, kama babu zao, wakarudi nayo.

Mara ya mwisho niliyowakuta wazazi wangu wakiwa na nguvu, niliamka asubuhi nikasikia shoka. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ile, nafundisha chuo, hasira zimepungua au labda nimechoka. Nikatoka nje na khanga ya kulalia. Baba alikuwa anakata mibuni.

"Baba! Kukata kahawa ni kosa kisheria!"

"Ego," akasema, ndiyo ya Kiha ya mtu asiyetaka ubishi. "Huyo wa sheria na aje. Akija aje na fedha, anunue kahawa."

Alikuwa ameshakata safu nzima ya bondeni. Vigogo vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa, amevifunga kwa kamba za migomba, mafungu yanayolingana. Mkono wake ulikuwa bado wa mtunza ghala. Kabla ya jua kukolea wakapanda akina mama watatu kutoka kambi ya wakimbizi, wamebeba ndoo vichwani. Mmoja akaweka chini, akafunua unga wa njano wa msaada na mbaazi za kupasua. Kule kambini kuni zilikuwa zimeisha, miti ya karibu yote imekatwa, na mti wa kahawa unawaka vizuri bila moshi mwingi. Yule mama alisema kwa Kirundi, baba akajibu kwa Kiha, wakaelewana bila mkalimani. Bakuli kwa fungu. Akaomba nyongeza, baba akaongeza kigogo. Akashukuru, akajitwika, wakashuka.

Mama yangu alichukua ule unga akaingia nao jikoni. Akatoka na panga, akaanza kupunguza matawi kwenye safu ya pili, ile iliyo karibu na nyumba, aliyoipanda yeye mwaka niliozaliwa. Nilitaka kulia, nikashindwa hata kuanza.

Baba akaegemea shoka, akaniuliza, "Mlikuwa mnasema bei inashuka, halafu inapanda. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Itapanda."

"Lini?"

"Sijui."

"Mtu gani anajua?"

"Hakuna."

"Na mbuni ukipandwa leo unazaa baada ya miaka mingapi?"

Alikuwa anajua kuliko mimi. Lakini aliuliza, akasubiri nijibu, kama alivyokuwa ananiuliza hesabu nilipokuwa darasa la pili.

"Mitatu," nikasema. "Minne, mpaka uzae vizuri."

Akanitazama, halafu akajitazama mikono yake, na akamtazama mama aliyeinama na mgongo wake. Akatema mate viganjani.

"Basi shika hilo tawi, mwanangu, lisije likamwangukia mama yako."

Nikalishika.